Jinsi ya kuichimba historia ya mji wenu bila kuanzia kwa Wajerumani

Karibu kila mkoa wa Tanzania, ukisoma maelezo ya historia ya makao makuu yake unakuta sentensi ileile, mji huu ulianzishwa na Wajerumani mwaka fulani, afu hapohapo wanaruka mpaka uhuru 1961, afu idadi ya wilaya na kata, basi imeisha. Mi hiyo sentensi inaniuma kwa kweli, kwa sababu mara nyingi sio kweli, na hata pale inapokuwa na ukweli kidogo inafuta watu wote waliokuwa wanaishi hapo kabla mzungu hajafika na bendera yake. Mjerumani hakuwa mjinga wa kwenda kujenga boma porini pasipo na mtu. Alijenga pale palipokuwa na watu, maji, chakula, njia ya biashara na mtawala ambaye ilibidi amvunje nguvu kwanza.

Angalia Iringa. Wahehe walikuwa na ngome yao Kalenga, wakawapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wao Zelewski, Kalenga ikaja kuanguka Oktoba 1894, na Iringa hii ya sasa ya juu mlimani ndo ikaanza 1896 kama kituo cha kijeshi cha kumwinda Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye alikufa 1898 bila kukamatwa akiwa hai. Sasa ukiandika "Iringa ilianzishwa na Wajerumani 1896" hujadanganya mwaka, ila umeuondoa mji wenyewe kwenye historia yake. Tabora hivyohivyo, Burton na Speke walifika 1857 wakakuta soko la misafara limechangamka, Wanyamwezi na Waarabu wanafanya biashara ya pembe na watumwa, na mtemi Isike alipigana na Wajerumani mpaka Januari 1893 alipolipua baruti ndani ya ngome yake kuliko kukamatwa. Arusha boma likakamilika 1900 baada ya vita na Waarusha na Wameru iliyoanza 1896. Moshi, mangi Meli alinyongwa 1900 kule Old Moshi, na ukoo wake umekuwa ukilitafuta fuvu lake mpaka miaka ya karibuni.

Kwa hiyo huu mwongozo ni kwa yeyote anayetaka kuandika historia ya mji wao, iwe ni makao makuu ya mkoa au kamji ka wilaya ambako watu wanapita na basi tu bila kushuka. Huhitaji digrii ya historia. Unahitaji subira, daftari, simu yenye chaji, na adabu.

Anza na swali la kwa nini mji uko hapo

Watu wengi wanaanzia kwenye jina. Jina limetokana na nini, nani alisema nini kwa mzungu, mzungu akaandika vibaya, na kadhalika. Hizo hadithi ziandike maana ni mali ya watu wa pale, ila usizifanye msingi, kwa sababu mji mmoja unaweza kuwa na hadithi tatu za jina na hakuna hata moja unayoweza kuithibitisha. Swali linalolipa zaidi ni hili, kwa nini hapa na sio kilomita kumi mbele? Kukiwa na mji kuna sababu, na sababu zenyewe hazizidi vidole vya mikono miwili: maji, bandari, njia ya misafara, reli, mgodi au shamba kubwa, na amri ya serikali.

Ukishajua sababu, fuatilia ilivyobadilika, maana hapo ndo historia ilipo. Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Kilwa, kwa sababu Kilwa ziko tatu na kila moja ni zama yake. Kilwa Kisiwani ndo ile ya dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, Ibn Battuta alifika 1331 akaisifia, Wareno wakaja kuipora 1505, na magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa yapo mpaka leo na pamoja na Songo Mnara yaliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Baadaye biashara ikahamia bara, Kilwa Kivinje, misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa ikawa inaishia pale, karne ya 19 pakawa na biashara kubwa ya watumwa, afu Wajerumani nao wakaweka boma lao. Halafu ikaja Kilwa Masoko ambayo ndo makao makuu ya wilaya ya sasa. Mtu akikuuliza historia ya Kilwa inabidi umuulize kwanza Kilwa ipi, na hiyo kuhama ndo kiini cha hadithi, bahari na biashara na serikali kila moja ilivuta mji upande wake.

Bagamoyo na Dar es Salaam ni hivyohivyo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, wamisionari Wakatoliki walifika 1868, mwili wa Livingstone ukapitishwa pale 1874 kwenda Zanzibar, na ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar. Ufukwe wa Bagamoyo ni wa maji madogo, majahazi yanaweza ila meli kubwa haziwezi kusogea, wakati Dar kuna bandari ya asili iliyojificha, na Sultani Majid wa Zanzibar alishaiona hiyo faida miaka ya 1860 akaanza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kazi haijaisha. Ukilijua hilo moja tu la kina cha maji, miaka mia na zaidi ya historia ya miji miwili inaeleweka.

Reli nayo iliua na kuzaa miji. Reli ya Kati ilianza Dar 1905, Morogoro ikafika 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Chukua ramani ufuate hiyo reli afu angalia njia ya zamani ya misafara, utaona ni miji gani iliachwa pembeni. Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha misafara na Wajerumani wakaweka kituo chao mapema kabisa, lakini reli ikapita Gulwe, na Dodoma ambayo haikuwa na umaarufu huo ikapata stesheni, ikakua, na 1973 ikaamuliwa iwe makao makuu ya nchi. Ujiji palikuwa mji mkubwa wa ziwa ambako Stanley alimkuta Livingstone 1871, reli ikaishia Kigoma kilomita chache tu pembeni, na leo jina la Kigoma ndo liko mbele. Kwa hiyo kama mji wenu uko kwenye reli, uliza stesheni ilijengwa lini na kabla yake watu walikuwa wanauzia wapi. Kama mji wenu reli iliukwepa, uliza wazee watakwambia, kuna sehemu watu wanaikumbuka hiyo kama jana.

Miji ya migodi na mashamba huwa ina historia fupi ila yenye moto. Dhahabu ya Lupa kule Chunya ndo iliyoisukuma Mbeya ikawa mji miaka ya 1920 na 1930. Mwadui ilikuja na almasi ya Williamson 1940. Tanga na mkonge, ulioletwa miaka ya mwanzo ya 1890, ukavuta vibarua kutoka kila kona ya nchi na nje ya nchi, ndo maana ukifika kwenye vijiji vya mashamba ya mkonge unakuta makabila ambayo kwa kuangalia ramani usingetegemea kuyakuta pale. Kongwa ndo balaa, Waingereza walianza mradi wa karanga 1947, wakaleta matrekta na reli, mvua haikutosha na udongo ukawa mgumu, mradi ukafutwa 1951 na hasara kubwa sana, afu miaka ya 1960 mahali hapohapo pakawa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Mji mdogo vile, na historia ya nusu ya kusini mwa Afrika imepita pale, na mtu anapita na basi anaona ng'ombe tu.

Na usisahau amri ya serikali ya kwetu wenyewe. Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976 ilihamisha mamilioni ya watu, kwa hiyo kijiji unachokiona leo kando ya barabara huenda hakikuwepo 1970. Uliza mahame yako wapi, yaani makazi ya zamani ambayo watu waliyahama. Hilo neno mzee akilisikia anakaa vizuri, maana kwenye mahame kuna makaburi ya wazazi wake, kuna miembe aliyoipanda babu, kuna visima. Historia ya kijiji imegawanyika, nusu iko hapa nusu iko kule mahameni, na usipoenda kule umeandika nusu.

Tafuta majina ya zamani na jinsi yalivyoandikwa

Hii ni ya kiufundi kidogo ila itakuokolea muda sana. Ukitafuta kwenye nyaraka au kwenye picha za zamani mtandaoni kwa kuandika jina la leo utakosa vitu vingi, kwa sababu Wajerumani waliandika kwa masikio yao. Mwanza waliandika Muansa, Arusha ni Aruscha, Moshi ni Moschi, Kilosa ni Kilossa, Ujiji ni Udjidji, Dar es Salaam wakaiunganisha Daressalam. Na kuna miji waliipa majina kabisa ya kwao, Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg, Liuli ni Sphinxhafen. Andika kila namna ya jina ambayo umewahi kuiona, weka ukurasa wa kwanza wa daftari, afu tafuta zote moja moja. Kuna hazina ya picha za enzi ya ukoloni kwenye Chuo Kikuu cha Frankfurt ambayo iko wazi mtandaoni, na ukitumia tahajia ya Kijerumani unaweza kukuta picha ya boma lenu au soko lenu kabla ya Vita ya Kwanza.

Mitaa nayo imebadilishwa majina. Samora Avenue ya Dar ilikuwa Acacia Avenue ya Waingereza, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, afu ndo ikawa Samora. Ukisoma barua ya 1950 inayosema duka lipo Acacia Avenue utajua uende wapi. Tengeneza jedwali la mitaa ya mji wenu, jina la zamani, jina la sasa, lini lilibadilika. Mji wenye mitaa ishirini unaimaliza kwa wiki kama una wazee wawili watatu wa kuwauliza.

Tembea mji kwa miguu

Usianze na kompyuta. Toka asubuhi kabla jua halijawa kali, anzia bomani, nenda stesheni au stendi ya zamani, sokoni, kanisa kongwe, msikiti mkongwe, makaburi, afu mitaa ya maduka. Karibu kila mji wa kikoloni ulikuwa umegawanywa, Uzunguni juu kwenye upepo na miti, Uhindini penye maduka, na Waafrika upande wao, mara nyingi panaitwa Majengo. Hata kama leo wanaishi watu wa kila aina bado mgawanyo unaonekana kwenye upana wa viwanja na barabara. Dar es Salaam ndo imeandikwa wazi kwenye ardhi, Mnazi Mmoja ule uwanja haukubaki wazi kwa bahati, uliachwa kwa makusudi kutenganisha mji wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika, na baadaye hapohapo pakawa mahali pa kuadhimisha uhuru, kuna mnara wa Mwenge. Ukisimama pale ukijua hivyo, uwanja unauona kwa macho mengine.

Kwenye mitaa ya maduka inua macho juu. Nyumba nyingi za zamani za wafanyabiashara wa Kihindi zina mwaka na wakati mwingine jina la familia limeandikwa kwenye plasta juu ya ghorofa, chini kuna duka la vocha na mabango mpaka huoni kitu, ila juu pameandikwa 1928 au 1934. Piga picha kila moja, ukizipanga kwa miaka unapata picha ya mji ulivyopanda na ulivyoshuka, utaona miaka ambayo watu walijenga sana na miaka ambayo hakuna aliyejenga, afu ndo unauliza kulikuwa na nini, bei ya mkonge, pamba, kahawa, au vita.

Miti nayo ni ushahidi. Miembe mirefu iliyopangwa mstari Tabora na Ujiji inaonyesha njia ya misafara ilikopita. Makaburi vilevile, angalia lugha, miaka, dini, na kama kuna makaburi ya wanajeshi. Makaburi ya vita ya Tanga yanakwambia zaidi kuhusu mapigano ya Novemba 1914 kuliko kibao chochote.

Halafu tahadhari, maana hapa watu wanaingia matatani bila sababu. Usipige picha kambi ya jeshi, kituo cha polisi, ikulu ndogo, daraja kubwa au stesheni bila kuomba ruhusa. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata, mwambie unachofanya, ukiweza pata barua ya utambulisho kutoka halmashauri, kuna afisa utamaduni pale na wengi wao wanafurahi sana mtu akija na jambo kama hili kwa sababu ni nadra. Na kwenye magofu usiokote kigae wala jiwe wala ushanga, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda hivyo vitu, na kigae kikishatoka mahali pake hakiwezi tena kueleza lolote.

Jinsi ya kuusoma mnara

Mnara wowote una pande mbili, kile unachokumbuka na kile unachonyamazia. Ukiukuta, andika nani aliuweka, mwaka gani, lugha gani imetumika, majina ya nani yapo, na kabla ya hapo palikuwa na nini. Hilo la mwisho watu hawaulizi kabisa na ndo lenye utamu.

Sanamu ya Askari pale Samora kila mtu anaijua, iliwekwa na Waingereza 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ila mahali pale kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyezima upinzani wa pwani, Waingereza wakaiondoa walipoiteka nchi. Kwa hiyo hapo hapo kwenye mzunguko mmoja wa magari una Mjerumani, Mwingereza, na Mwafrika aliyepigania vita ambayo haikuwa yake. Na wapagazi, ambao walikufa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, hawana majina pale. Mi nadhani hilo ni la kuandikwa kwenye kila maelezo ya ile sanamu.

Lugalo, kule njia ya kutoka Iringa kwenda Morogoro, kuna mnara uliojengwa na Wajerumani kuwakumbuka Zelewski na wenzake. Yaani kwenye uwanja ambao Wahehe walishinda, mnara wa zamani ni wa walioshindwa. Lakini kumbukumbu ya Wahehe ilihamia sehemu nyingine, Lugalo likawa jina la kambi ya jeshi na hospitali Dar es Salaam, Mkwawa likawa jina la shule na chuo, na fuvu lake, ambalo lilitajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, lilirudishwa 1954 na liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Kwa hiyo ukitafuta kumbukumbu ya watu wenu usiishie kwenye mawe, angalia na majina ya shule, zahanati, viwanja vya mpira, hata timu za mtaani.

Kilwa Kivinje pia, kuna mnara wa Wajerumani waliouawa 1888 watu walipoikataa kampuni yao ya kikoloni, na upande mwingine kuna kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga, mti waliponyongewa Hassan bin Omari Makunganya na wenzake mwaka 1895. Ukienda zunguka vyote viwili, afu uliza watoto wa shule wanakijua kipi.

Songea wamefanya vizuri na nawasifu. Kila Februari 27 wanawakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa 1906, kuna makumbusho, kuna makaburi, na wazee wa Wangoni wanashiriki wenyewe, historia haijaachiwa ofisi peke yake. Mji wowote wenye tukio kubwa ungeiga hapo.

Kukaa na wazee

Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Usimfuate mzee na karatasi ya maswali arobaini kama karani wa sensa. Tafuta mtu wa kukutambulisha, mjukuu au jirani au mjumbe, fika saa ambayo sio ya swala wala ya chakula, shikamoo yako iwe ya kweli, kaa chini uulizwe wewe kwanza, mtoto wa nani, umetoka wapi. Ukishajieleza vizuri nusu ya kazi imeisha. Kurekodi omba ruhusa wazi kabisa na mweleze sauti itaenda wapi, akikataa andika kwa mkono, akisema hili usiandike basi usiandike.

Usimuulize mwaka. Mwaka haumsaidii mtu aliyeishi kwa matukio. Muulize ilikuwa kabla au baada ya Vita ya Pili, kabla au baada ya uchaguzi wa kura tatu wa 1958, uhuru ulimkuta na umri gani, Azimio la Arusha la 1967 alikuwa wapi, Operesheni Vijiji alihamishwa kutoka wapi, kipindi cha unga wa njano, vita ya Kagera, mwaka aliofariki waziri mkuu Sokoine, hiyo ni Aprili 1984. Ugogoni njaa zina majina, Mtunya ni ile ya wakati wa Vita ya Kwanza na baada yake, na mtu akikwambia babu yangu alizaliwa Mtunya ameshakupa tarehe. Tengeneza orodha ya matukio ya eneo lenu, mafuriko, nzige, ndui, ujio wa daraja, bwana shamba wa kwanza, basi la kwanza, na utaweza kupanga simulizi zote kwenye mstari.

Uliza wanawake. Nasema hivi kwa sababu nimesoma historia za miji kibao ambazo hazina jina la mwanamke hata mmoja, wakati nani alikuwa anauza sokoni, nani alikuwa mkunga, nani alipika kwa ajili ya vibarua wa reli, nani alikatisha kadi za TANU nyumba kwa nyumba? Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa vikundi vya ngoma Dar kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, na vikundi vile vya ngoma ndo vilivyobeba ule mtandao wote. Kila mji ulikuwa na wa kwake. Waulize pia waliokuja, sio wenyeji tu, familia ya Kimanyema ya Ujiji, Mnyasa aliyeletwa na mkonge, Mhindi mwenye duka la babu yake, Mwarabu wa Tabora. Na uliza watu ambao sio wa ukoo wa chifu, maana ukoo wa chifu una toleo lake tamu na wale waliotozwa kodi na huyo chifu wana la kwao.

Ukipata matoleo mawili yanayogongana usichague lile unalolipenda, wala usiyachanganye ukatoa la katikati ambalo hakuna aliyelisema. Andika yote mawili, familia hii inasema hivi, ile inasema vile. Kuhusu utumwa kuwa makini zaidi, kuna familia ambazo asili yake bado ni kidonda na kuitaja hadharani kunaweza kuharibu hata posa ya mtu. Eleza biashara ilivyoendeshwa, nani alifaidika, ila usinyooshee kidole nyumba ya mtu anayeishi.

Karatasi ziko wapi

Baada ya kutembea na kusikiliza ndo uende kwenye karatasi, sio kabla, maana sasa utajua unatafuta nini. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo Dar, ina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, nenda na barua ya utambulisho na kitambulisho, uliza utaratibu na ada kabla hujasafiri. Ya Zanzibar iko Kilimani, na ni ya lazima kwa mji wowote wa pwani kwa sababu pwani ilikuwa chini ya Sultani. Omba kuona yale madaftari ya wilaya ya Waingereza, kila mkuu wa wilaya alikuwa anaandika humo habari za makabila, machifu, mipaka, barabara, njaa. Ni hazina ila soma ukijua aliyeandika ni nani, alikuwa anatafuta chifu wa kumtumia kukusanya kodi, kwa hiyo mara nyingine aliandika chifu mahali ambapo watu hawakuwahi kuwa na chifu.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo cha Afrika Mashariki chenye vitu ambavyo huvipati kwingine. Misheni za zamani ziliandika kila siku, nani kafa, mvua imenyesha lini, kwa hiyo kama kwenu kuna parokia au usharika wa zaidi ya miaka mia nenda kaongee na padri au mchungaji kwa heshima. Ramani za Wizara ya Ardhi za kipimo cha 1:50,000 zinaonyesha vijito, njia na vijiji, na ukipata toleo la zamani ukalilinganisha na la sasa unaona mahame kwa macho. Na usidharau sanduku la familia, picha za harusi za 1962, kadi ya chama cha ushirika, risiti ya kodi ya kichwa. Zipige picha palepale nyumbani, usiondoke nazo hata kama mwenyewe amekubali, vitu vingi vimepotea kwa mtindo huo wa nitakurudishia.

Kuandika na kurudisha

Ukianza kuandika, anza na watu na maji na ardhi, boma lije pale linapostahili kuja. Kila jambo lionyeshe limetoka wapi, nimeliona kwenye jalada, nimeambiwa na wazee wa mtaa fulani, nimeliona kwa macho. Majina ya watu walio hai usiyaweke bila idhini yao. Usipendezeshe, kama mji wenu ulitajirika kwa watumwa sema, kama machifu wengine walishirikiana na Wajerumani sema, na uwaeleze walikuwa na hali gani.

Afu chapa nakala kadhaa, hata za kubana na stepla, peleka shule ya sekondari iliyo karibu, maktaba ya mkoa kama ipo, ofisi ya kata, na kwa kila mzee aliyekupa muda wake, kama macho hayaoni mjukuu amsomee na yeye asahihishe. Masahihisho yatakuwa mengi, yapokee, ndo toleo la pili hilo. Wikipedia ya Kiswahili ina makala za kata nyingi sana za Tanzania ambazo ni mistari miwili mitatu tu, jina, wilaya, idadi ya watu, na pale unaweza kuongeza yale yaliyokwisha kuchapishwa mahali ili mtoto wa kata hiyo akitafuta kwao kwenye simu akute kitu. Kabla ya yote hayo hifadhi sauti ulizorekodi sehemu mbili tofauti, moja iwe nje ya simu yako, na kila faili lipewe jina la mahali, mwezi na mwaka.